Kichupa Chenye Jina Lako

Kaka mheshimiwa,

Simu zangu hupokei, basi soma. Huku wazima, paka wa mama kazaa tena kabatini.

Utafiti wetu wa saratani ya utumbo ulikuomba kinyesi kidogo tu. Mwanaume mzima ukaona kinyaa, ukamwamuru mkeo akujazie kichupa! Wifi mwenyewe alinisimulia, tukacheka hadi machozi: bwana mkubwa, hata kujisaidia anasaidiwa.

Majibu yametoka. Kichupa chenye jina lako kina damu.

Huenda si saratani, lakini damu hiyo ni ya wifi, na lazima achunguzwe utumbo kwa kamera wiki hii. Kumwambia ni kazi yako. Usinitume mimi, usimtume dereva. Hilo jisaidie mwenyewe.

Dada yako wa maabara