Mama, Kamba Haikufika Bondeni

Mama mkwe wangu mpendwa,

Wanao waligawana shamba Jumapili iliyopita, na najua hutatulia huko uliko mpaka usikie mambo yalikwendaje kule bondeni. Nitakueleza. Lakini kwanza niache nikusifu, maana ulipokuwa hai kila nilipoanza ulinikatiza na kunituma kuni.

Unakumbuka nilivyofika hapa Nyamira? Nilitoka Kitui, kwetu ambako maji huyafuati bila punda. Nilipoona migomba, majani chai na kijani kila upande, nikajua nimeolewa peponi. Neno la Ekegusii sikuwa nalo hata moja, kwa hivyo ukanitolea Kiswahili chako cha soko la Keroka. "Wewe mtoto ya jua," ulisema, "kuja uone maji." Tukateremka mpaka chemchemi iliyo mwisho wa shamba. Maji yalikuwa yakidondoka kama pua ya mtoto mwenye mafua. Ukaniambia kwamba ulipoolewa wewe, yalikuwa yakisikika kutoka jikoni. Nilidhani unatia chumvi.

Marehemu baba mkwe alikuwa amejaza mikaratusi bonde zima, sawa na majirani wote. Simlaumu. Mti ule hukua upesi, hupata wateja wa nguzo, na wachoma matofali huugombania. Ila kwa kunywa maji hauna adabu. Wewe ndiwe uliyeunganisha mambo hayo mawili, miti na ukame wa chemchemi, wakati wengine wakilaumu wachawi na serikali. Ulipotangaza kwamba utaikata yote, shemeji yangu Mogaka, mwanao wa pili, alinuna muda mrefu. "Mama anataka tulale njaa," alimwambia kila aliyekuwa na masikio.

Tukakata. Na tukaviacha visiki, tukidhani kazi imekwisha. Mvua ya kwanza ilipopiga, kila kisiki kikachipuka kichaka kizima! Kanisani wakakuuliza kama umekata msitu au umeupanda. Ulicheka nao, kisha kila ulipomaliza kukamua ng'ombe ukateremka na panga kupunguza machipukizi, ukivigombeza visiki kama wakwe wakorofi: "Wewe bado uko? Kufa, bwana!" Nilikuwa nikikusikia kutoka kwenye chai, nacheka mpaka naacha kuchuma. Mwishowe uliita vijana wenye majembe wakaving'oa na mizizi yake, na mahali pale ukapanda miti ya asili ya huku. Ulipanda omoiri, ule ambao gome lake huchemshwa dawa, na omosocho, na mingine ambayo mpaka leo naijua kwa majani tu. Mbegu uliziokota mwenyewe chini ya miti mikongwe iliyobaki mlimani, ukaziotesha kwenye pakiti kuukuu za maziwa. Kiangazi kilipokuja ulibeba maji kichwani kuinywesha, mgongo ukiuma, na hukutaka mtu akuonee huruma.

Siku ninayoipenda kuliko zote ni ile ya baraza pale kwenye kituo cha majani chai. Afisa wa misitu alikuja kutueleza habari ya tabianchi: kwa nini mvua imekuwa haieleweki, kwa nini mvua ya mawe inaitwanga chai yetu. Akasema miti huvuta hewa ya ukaa inayotoka kwenye magari na viwanda, ikaihifadhi mwilini na ardhini. Ukanyoosha mkono.

"Na mkaratusi haivuti?"

"Unavuta, mama, tena sana. Lakini mkiukata na kuuchoma kwa matofali, hewa ile inarudi juu."

"Basi hiyo ni kula na kutapika," ukasema, na baraza likavunjika mbavu. Hukukaa. "Mti yangu mimi sitachoma. Sasa hiyo moshi ya watu ya ng'ambo, mti yangu ndio inakula? Mbona hawajawahi kunisalimia?"

Afisa alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilijivunia kuwa mkaza mwanao.

Na maji yalirudi, Mama. Polepole, lakini yalirudi. Kiangazi kile kikali, chemchemi za jirani zilipokauka, watu walipanga foleni kwako na mitungi yao, na hata wale wa kanisani hukuwakumbusha maneno yao. Ningekuwa mimi, ningewakumbusha.

Sasa, habari ya Jumapili. Wajua desturi: kila mwana hupewa ukanda mwembamba unaoanzia barabarani juu ya kilima mpaka mtoni. Maana yake msitu wako ungepasuliwa katikati, na kila mmoja afanye atakavyo na upande wake. Udongo wa bondeni ni mzuri kwa matofali, na Mogaka anataka kujenga. Sikula tangu asubuhi. Mkaza mwana hasemi mbele ya wazee, kazi yake ni birika.

Wazee wakavuta kamba ya katani kutoka juu, wakapita chai, wakapita migomba, mpaka ikanasa kwenye miti. Mzee aliyeishika akaitisha panga asafishe njia ya mpaka. Mogaka akalichukua. Nikaweka birika chini.

Akasimama pale na panga mkononi mpaka mzee akamwuliza kama anaumwa.

"Kamba iishie hapa," akasema.

"Ikiishia hapa utapata kidogo, kijana. Bondeni ndiko kuna shamba."

"Najua. Lakini ng'ombe yangu ilipona na hii maji kiangazi ile, na mama nilimtukana mbele ya watu, sikurudi kumwambia kitu. Iishie hapa. Huko chini kusiwe kwa mtu."

Mume wangu alinigeukia mimi, mbele ya wazee wote. Tuna wavulana wawili, na shamba letu likiishia kwenye miti halitoshi hata mmoja wao kujenga. Nilitikisa kichwa kukubali. Baadaye niliwaambia wanangu, na mkubwa akaondoka mezani bila kumaliza chakula. Sijui atajenga wapi, Mama. Naogopa kwa ajili yake, na sitaki kukuficha.

Umetuachia shamba dogo kuliko la jirani yeyote kilimani hapa, na wazee wangerudi kesho na kamba yao, bado ningekubali.

Pumzika, Mama. Huku tutajibanabana.

Ni mimi,
mkaza mwanao