Saini Iliyotokea Ukutani

Mwenzangu, nimeumbuka.

Kikaoni asubuhi kompyuta ya bosi ikarusha tangazo la dawa ya kupunguza kitambi. Ukutani, kwenye projekta, mbele ya wageni. Na kitambi cha bosi unakijua.

Akanigeukia: "Wewe si ndiye fundi wa kompyuta? Hiki kidudu kimeingiaje?"

Nikajibu kwa madaha kabisa kwamba nitalitafuta faili linaloleta matangazo, niangalie saini yake ya kidijitali, yaani jina la aliyelikagua na kulipitisha, na mwenye saini ndiye mwenye kosa. Nimesema mwenyewe, kwa mdomo wangu. Mwenye saini ndiye mwenye kosa.

Nikalipata. Nikafungua saini, projekta bado inawaka. Saini ni halali, faili halijachezewa tangu lisainiwe.

Aliyesaini: mimi. Jina langu lote, hadi la babu.

Unaikumbuka Ijumaa ile nilipokuambia nimebakiza mafaili arobaini ya kukagua, halafu baada ya dakika mbili nikawa niko getini kwako? Niliyasaini yote kwa mkupuo. Sikufungua hata moja.

Bosi akautazama ukuta, akanitazama mimi. Hakufoka. Anataka barua ya maelezo kesho.

"Ila hiyo," akasema, "isome kwanza, ndipo usaini."