Mate ya Mama Maria

Dada Kawira,

Tumbo lasemaje? Vumbi la Isiolo limenizeesha. Leo nilienda kanisa la zamani kukuombea ujifungue salama, nikakuta nyanya mmoja Mturkana, shavu limejaa tumbaku, akiitemea mate ile sanamu ya Mama Maria. Katekista akaja mbio na leso.

"Nyanya! Unamtemea Mama wa Mungu?"

"Kwetu mate ni baraka," akajibu. "Huyu anabariki watu kutwa nzima. Yeye nani anambariki?"

Katekista alibaki kufuta tu. Mimi nikamweleza nyanya habari zako. Akanitemea viganja vyote viwili, akasema nikupelekee.

Basi sijanawa. Hata ugali nakula na kijiko. Nikifika, funua tumbo na usilete maringo.

Mdogo wako mchafu,
Kagendo