Darubini ya Shemeji Huku Chakol

Dada Nafula,

Salamu kutoka Chakol, kwenye mvua na matope.

Wenyeji walimwita mumeo awaue nyani wanaokula mahindi yao. Darubini ya bunduki aliirekebisha ilenge sawa kwa risasi nyepesi, halafu jana akatia risasi nzito. "Hizi ndizo zinazoua!" Nikamwambia, "Shemeji, ukipiga karibu hutaona tofauti, lakini ukipiga mbali risasi nzito inashuka chini ya ulipolenga." Akanicheka.

Nyani alikuwa juu ya ghala, ng'ambo ya shamba. Risasi ikapasua chungu cha pombe kilichowekwa chini ya ghala hilo. Wazee wakaja na mirija yao ya kunywea, wakakuta tope.

Leo ameinua bunduki tena. Watu wote wamekimbia. Nyani anamenya hindi tu.

Ubaki salama nyumbani, dada. Huku mahali salama ni kando ya nyani.

Ndugu yako,
Wafula