Maelezo ya Adolphine Mbuyu Kuhusu Karatasi Iliyoandikwa "Favoris"

Shahidi: Adolphine Mbuyu. Umri: miaka 41. Kazi: mwenye nyumba ya kompyuta na fotokopi. Makazi: cité (mtaa) ya Musonoi, Kolwezi. Maelezo yamechukuliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 2019, saa 9:00 za asubuhi.

Nimeitwa kueleza ninachojua kuhusu mfanyakazi wangu, Muteba Tshimanga, miaka 29, aliyefungwa hapa polisi tangu jana kwa kosa la kuandika orodha ya watu watakaopendelewa. Hakuandika orodha hiyo. Haipo. Nililisema mlangoni kwenu jana mara mbili, na leo nataka liandikwe.

Bloku yetu inaondolewa ili shimo la mgodi lipanuliwe. Kila familia ina ukurasa wake kwenye intaneti, unaoonyesha vipimo vya nyumba yake na mahali itakapohamishiwa. Mwenye malalamiko lazima ayaandike humo kabla ya Ijumaa hii kuisha. Anuani ya kila ukurasa ni ndefu, hakuna anayeweza kuishika kichwani. Kwa hiyo Muteba alizihifadhi zote ndani ya kompyuta yangu, familia arobaini na tatu, kila moja kwa jina lake. Mtu akija anabonyeza jina tu. Kompyuta zetu zinaongea Kifaransa, na mahali pa kuhifadhia anuani panaitwa "Favoris". Ni neno la mashine, ingawa likisomwa peke yake lina maana ya wapendelewa. Hata ukihifadhi ukurasa wa mtu usiyempenda kabisa, mashine itauweka humo humo.

Mnamo tarehe 13 Machi, saa 8:30 za asubuhi, kurasa zilikataa kufunguka. Muteba alisema navigateur, yaani programu tunayofungulia intaneti, imezeeka, akaweka nyingine. Anuani zote alizitoa kwenye ile ya zamani zikiwa faili moja, akaziingiza kwenye mpya. Halafu akalichapa faili hilo ahakiki jina kwa jina kwamba hakuna familia iliyopotea njiani. Zilitoka karatasi tatu. Juu ya kila moja mashine iliandika yenyewe, kwa herufi kubwa: FAVORIS.

Saa 10:20 aliingia tata (mzee) Ngeleka, chefu, yaani mkuu wa bloku, kupiga fotokopi. Akaichukua karatasi ya tatu. Ilikuwa na majina kumi na mawili, tisa ya watu wenye asili ya Kasai, kwa sababu ndio waliokuja mwisho kwangu kuhifadhiwa anuani. Karatasi ya pili, ambayo hakujisumbua kuitazama, ina jina lake mwenyewe. Akatoka na ile moja hadi barabarani, akaanza kuyasoma majina kwa sauti, akisema hawa ndio watakaopewa nyumba nzuri na sisi tutatupwa porini. Mtu huyu amesoma. Diploma yake nimeipiga fotokopi mimi. Angeweza kuuliza kwanza, hakutaka.

Haikupita robo saa, watu kama thelathini walikuwa ndani kwangu. Tata Ngeleka akaniuliza mbele yao: "Mama Adolphine, we njo mwenye nyumba. Hii favoris maana yake nini? Nani aliandika?"

Nilikuwa najua maana yake. Ningeieleza kwa sentensi moja. Nilijibu: "Haiko mi. Ni Muteba. Muulize ye mwenyewe."

Hawakumuuliza. Walimvuta kwa kola wakampiga, wakaiangusha kompyuta chini na kuikanyaga. Karatasi zina majina tu, anuani zilikuwa ndani ya mashine. Nyumba zao wenyewe ndizo walizozikanyaga, wajinga wale, na Ijumaa ni kesho.

Inspekta ameniambia si lazima jibu langu liandikwe, kwa kuwa si kosa kisheria. Nimemtaka aliandike. Nina hasira na tata Ngeleka, nina hasira na ninyi mliomfunga aliyepigwa mkawaacha waliopiga. Lakini mimi ndiye niliyemtaja, na kwa hilo sijisamehe.

Muteba alizaliwa hapa Kolwezi, baba yake alifanya kazi mgodini. Mwaka 1993, watu wenye asili ya Kasai kama wao walipofukuzwa mji huu, mama yake, mama Kabedi, alimbeba hadi stesheni akiwa na miaka mitatu. Walikaa Mwene-Ditu, huko Kasai, miaka mitano, kisha wakarudi kwao hapa. Jana saa 14:00 nilikwenda kumweleza kwamba mwanawe yuko polisi. Nilikuta amekwisha kufunga mizigo. "Ile mwaka tulingoyaka, bitu yote ikapotea," aliniambia. "Leo siko nangoya tena." Akapanda moto, yaani pikipiki ya abiria, kwenda stesheni kupanda treni ya Mwene-Ditu.

Karatasi ya kwanza na ya pili nimezileta. Naomba Muteba aachiliwe na kosa lifutwe. Naomba pia tata Ngeleka asimame barabarani pale pale, azisome zote mbili kwa sauti ile ile, na jina lake asiliruke.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyasema, bila kulazimishwa na mtu. Nimesomewa. Mahali pawili paliandikwa "wapendelewa" badala ya "Favoris". Nimekataa kusaini mpaka neno hilo lifutwe.

(Sahihi) A. Mbuyu

Maandishi ya afisa: Neno limefutwa mbele ya shahidi. Karatasi mbili zimepokelewa. Muteba Tshimanga ameachiliwa saa 11:40 bila mashtaka. Alipoulizwa makazi yake ili yajazwe katika hati ya kuachiliwa, alitaja Mwene-Ditu. Shahidi, aliyekuwa amesimama karibu naye, alisema hapana, anakaa Musonoi, aandikwe Musonoi. Muteba hakumtazama. Alirudia: Mwene-Ditu. Imeandikwa hivyo.

Inspekta Kisimba