Nilipanda Ngazi Baba Mackrine Akiwa Mabira

Bi Mwanamisi, shikamoo. Mimi ni msikilizaji wako wa hapa Ihembe, nakuomba unisaidie na jina langu la ubatizo usilitaje hewani, niite tu Mama Mackrine. Nyumbani kwetu ukuta wa chumba cha kahawa unalowa tangu mume wangu afunge gata za kupeleka maji kwenye tanki, na gata alizifunga kwa mikono yake mwenyewe, kila mgeni lazima azioneshwe kabla hajapewa kiti, sasa ukuta ulipoanza kulowa akasema ubaya ni wa ukuta, na ukuta ulijengwa na kaka yangu Anatory, wakarushiana maneno mpaka hawasalimiani, na kipaimara cha Mackrine wetu ni Jumapili ijayo na baba yake kasema Anatory asikanyage hapa, mtoto analia anamtaka mjomba wake.

Kilichonishangaza, mvua kubwa ikinyesha ukuta mkavu, yakija manyunyu ndiyo unalowa, mume wangu akasema ni unyevu wa ardhini akapiga plasta upya mara mbili. Basi juzi alipokwenda Mabira kuangalia ndama nikaegemeza ngazi nikapanda, na kwetu mwanamke mwenye mume hapandi huko, wanasema unamtakia msiba, tena kidato cha sita cha ngazi kikayumba nusura niende chini, lakini niliona. Mabati ya upande huo aliyakata ncha yasimgonge mtu kichwani, sasa hayafiki kwenye gata, na kati ya gata na ubao wa ukingo wa paa kuna nafasi ya vidole viwili, maji yanapita hapo nyuma na kushuka ukutani. Nikimwambia atauliza nimejuaje, nikinyamaza kaka yangu anaonewa. Bi Mwanamisi, nifanyeje?

*

Marahaba, Mama Mackrine. Nimecheka, nikakuonea huruma, halafu nikakasirika, kwa mpangilio huo huo.

Mumeo anautesa ukuta wa watu bure. Hata aupige plasta mara kumi utalowa, kwa sababu maji yanatoka juu. Nilimsomea barua yako Hanifu, fundi bati wa mtaani kwangu, kufika kwenye manyunyu tu akasema basi, inatosha. Mvua kubwa inaruka kwa nguvu na kuangukia ndani ya gata. Manyunyu hayana nguvu, yananata chini ya bati na kurudi nyuma kwenye ubao. Kwa hiyo jibu ulikuwa nalo umesimama uani, mama, hukuhitaji kupanda. Lakini umeshapanda, na mumeo mpaka leo ni mzima, anapiga plasta.

Sasa nikugombeze. Mwiko wa kwenu siucheki. Ila kaka yako anafukuzwa kwenye kipaimara cha mpwa wake kwa kosa la bati, na wewe tangu juzi unajua na umekaa kimya. Hapo umekosea, na wala si kwa kupanda.

Tengenezeni hivi. Tafuteni bati bapa, upana wa shibiri moja, lichomekwe chini ya mabati urefu wote na kukunjwa ili mdomo wake uingie ndani ya gata. Kwanza mumeo akague ubao, ukiwa umeoza aubadilishe, maana msumari haushiki kwenye ubao mbovu. Ni kazi ya asubuhi moja kwa watu wawili, mmoja juu na mmoja wa kushika ngazi. Wa kushika ngazi ni Anatory, mpigie simu leo hii.

Kwa mumeo usiseme gata zake mbaya. Gata ni nzuri, mabati ni mafupi. Nani aliyafupisha, atakumbuka mwenyewe.

Asubuhi akishakunywa chai, mpeleke kwenye ngazi. Akiweka mguu wa kwanza mwambie, "Baba Mackrine, angalia kidato cha sita, kimelegea." Atageuka akuulize umejuaje. Mjibu. Kisha mshikie hiyo ngazi mpaka kaka yako afike.