Hendeli ya Mashine ya Rujewa

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Rujewa. Ijumaa, tarehe 12 Julai 1957, saa tatu na nusu asubuhi.

Jina: Tusajigwe, mke wa Lutengano. Umri: miaka kama thelathini na miwili. Kabila: Mnyakyusa. Dini: Mkristo. Kazi: msaidizi kwenye mashine ya kukoboa mpunga ya Mzee Sedekia. Makazi: Rujewa, chumba cha nyuma ya mashine.

Nimeonywa niseme kweli, nami sikuja hapa kusema kitu kingine. Mmemweka ndani Fundi Liberatus tangu Jumanne, ati ameiba hendeli ya injini akaiuza chuma chakavu. Hakuiba. Hendeli ninayo mimi. Andika hivyo hivyo, Koplo, usiipambe.

Injini ile ya dizeli ni kuukuu, na zamani iliwashwa na watu wawili. Mmoja anazungusha hendeli kwa nguvu zake zote. Mwingine ameshika kichuma cha pumzi kule juu, anangoja injini ishike kasi, ndipo akishushe. Ukikishusha mapema, hendeli inarudi nyuma na kumvunja mtu mkono. Mume wangu alizungusha, mimi nikashusha, miaka minne. Hakuwahi kuniambia "shusha". Nilisikiliza anavyohema, nikajua. Tukiwa tumenuniana injini ilikataa kuwaka, na wanawake wenye mpunga wao kwenye foleni walinicheka: "Leo umemnyima nini mwenzio, mbona mashine imenuna?" Tulicheka wote, ikawaka.

Mnamo tarehe 4 Februari 1952, Jumatatu, Lutengano alipanda lori kwenda Mbeya kujiandikisha Wenela, wale wanaochukua vibarua wa migodi, akapelekwa machimboni Afrika Kusini. Asubuhi ile aliiwasha mashine kwanza. Alichana mkono wa shati lake, akaufunga kwenye mpini wa hendeli, akasema, "Huo usiufungue, nitaukuta." Barua ilikuja moja, Desemba mwaka huo huo. Alisema anakaribia kurudi. Tangu hapo, kimya. Watu wananiambia fimbo ya mbali haiui nyoka, niolewe. Nawajibu nyoka ni wangu, waniachie.

Baada yake wamezungusha wanaume watatu. Wa mwisho ni Saulo, na huyo nilimvunja mkono mimi, mwaka jana mwezi wa Oktoba, saa moja asubuhi. Kila mtu alisema injini imezeeka. Haikuwa injini. Nilisikia mtu anahema, nikafumba macho, nikashusha kichuma pale ambapo Lutengano angekuwa tayari. Saulo hakuwa tayari. Sikuwahi kumwambia, na leo namwomba radhi mbele ya Serikali.

Kwa ajili ya mkono ule, Mzee Sedekia alimwita Fundi Liberatus kutoka Iringa aibadilishe injini, iwashwe kwa betri. Jumamosi tarehe 13 Aprili fundi alifunga stata, ile mota ya kuwashia, aliyoitoa kwenye lori bovu. Gurudumu zito alilivisha pete ya meno. Mkaa wa kuipasha moto ile pete, itanuke ipate kuingia, niliuchochea mimi mwenyewe. Saa tisa alasiri alibonyeza kidude, injini ikawaka. Watu wakapiga makofi. Mimi nilibaki nimesimama karibu na kichuma changu, mikono mitupu. Jamani, niliona wivu kwa betri!

Fundi alisema, "Mzee, bado dainamo ya kuichaji betri." Mzee akajibu itafungwa baada ya mavuno. Hendeli ikatupwa pembeni kwenye pumba. Jumatatu yake, saa sita mchana, niliiokota nikaiweka chini ya kitanda changu. Nilijiambia haina kazi tena, na mume wangu akija ataiulizia.

Jumanne tarehe 9 Julai betri ilikufa. Mpunga umejaa mpaka nje, watu wametoka mbali na mikokoteni. Mzee akasema turudie hendeli; haikuonekana. Fundi ndiye mgeni, akashikwa. Alipita mbele yangu akisema, "Dada, wewe unanijua." Nikainama kama nafagia. Siku tatu sikula vizuri. Huyu naye ana mke Iringa, anaangalia barabara kama ninavyoangalia mimi.

Hendeli nimekuja nayo, hii hapa. Mali ni ya Mzee, na kama kuna adhabu nipeni. Ila naomba liandikwe neno moja. Lutengano akirudi, asije akaambiwa nimeipoteza. Aambiwe niliitoa kwa mkono wangu, ili mtu asifungwe bure.

Niliyokuwa nayo moyoni kuhusu jambo hili nimeyasema yote. Nimesomewa, ndiyo maneno yangu.

(Dole gumba la kulia) Tusajigwe

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Filemoni Kalinga, na kumsomea shahidi kwa Kiswahili. Liberatus ameachiwa saa nne na dakika kumi. Nimepokea hendeli moja ya chuma, haina kutu, imepakwa mafuta si zamani. Kitambaa kilichofungwa kwenye mpini hakimo katika orodha ya mali ya Mzee Sedekia. Nimekifungua na kumrudishia shahidi.